N ya Binti

Nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu aliandika ubaoni beti tatu za mwanzo za Utendi wa Mwana Kupona, wasia wa mwaka 1858 wa mama kwa bintiye, akatutaka tuhesabu mizani, yaani silabi, kabla ya kuuliza maana ya neno lolote. Kila ubeti vipande vinne, kila kipande mizani nane.

Nikakwama palepale mwanzo: "Negema wangu binti". Ne-ge-ma-wa-ngu-bin-ti. Saba! Nikanyosha mkono, nimemkamata bibi wa watu.

"Piga meza, mizani moja kofi moja."

Nikapiga, na kwenye "binti" n ikadai kofi lake: bi-n-ti. Mbele ya t hapa n husimama peke yake, sawa na m ya "sikupata kutamka": si-ku-pa-ta-ku-ta-m-ka. Ila ng ya "wangu" na mb ya "kukwambia" hazipasuliwi. Mwenzangu wa dawati alizipasua zote, akapata tisa.

Tukajiponza tena kwa kusanifisha Kiamu, lahaja ya Lamu aliyoitungia. "Ndoo mbee" ikawa "njoo mbele", mizani nne vilevile, tukajiona mafundi. "Upulike wasiati" ikawa "usikilize wasiati", kipande kikavimba hadi tisa.

Vina havikutusumbua sana: vipande vitatu vinaafikiana, cha nne kinarudi kwenye a ya utendi mzima. Isipokuwa ubeti wa tatu, wenye ujilisi, karatasi na hadithi. Si, si, thi. Mwalimu alisema sikio linaipokea ikighaniwa. Mimi mpaka leo naiona legelege.

Lililozua ubishi ni takriri. Beti mbili zinazofuatana zinafungwa na neno lilelile, "kukwambia". Nikaandika kwenye daftari: mtunzi kaishiwa na vina. Mwalimu akasoma, hakunisahihisha. Akapiga mstari chini ya kitenzi kinachotangulia kila "kukwambia". Katika ubeti wa pili, baada ya maradhi ya mwaka mzima: "sikupata kutamka / neno lema kukwambia". Katika wa tatu: "nimependa kukwambia". Neno moja, mara ya kwanza limekanushwa, mara ya pili limekubaliwa. Na katikati yake, kipande kizima ambacho nilikuwa nimekihesabu nane nikapita: "na wino na karatasi".