Chatu wangu alikuwa anajivua gamba vipande vipande, nilivyomaliza hilo tatizo kwenye baridi ya Minnesota

Naulizwa hili swali mara kwa mara na Waswahili wenzangu wanaofuga huku Marekani, kwa hiyo naandika lote hapa niwe nawatumia tu. Chatu wangu, jina lake Asali, ni bolpaitoni, kwa jina la kitaalamu Python regius, wale chatu wadogo ambao asili yao inaanzia Senegal huko hadi Uganda, na najivunia kabisa kusema kwamba sa hivi anavua gamba zima kuanzia mdomo mpaka ncha ya mkia, limegeuka ndani nje kama soksi. Winta ya kwanza haikuwa hivyo. Ilikuwa vipande vipande, kingine kimeganda ubavuni, kingine kimekaza mkiani, na jicho moja limebaki na ukungu wakati mwenzake linang'aa.

Kilichonikera ni ushauri. Kila mtu ana la kusema kuhusu gamba na hakuna hata mmoja aliyeniuliza hewa ya chumbani ikoje. Muuzaji wa duka la wanyama akaniambia nipulizie maji asubuhi na jioni, basi. Shemeji yangu akasema mpake mafuta ya nazi. Mwingine, na huyu ndo alinitia hasira kweli, akaniambia nichukue kibano nimtoe lile gamba la jichoni. Jamani nyoka hana kope! Juu ya jicho lake kuna gamba moja la mviringo, jembamba, linaonyesha kama kioo, na hilo nalo linatakiwa litoke na gamba lingine kila akijivua. Ukiingiza kibano pale hujui unashika gamba la zamani au lile jipya lililo chini yake, na ukivuta jipya umemuumiza jicho moja kwa moja, anaweza hata kulipoteza. Mafuta nayo hayaongezi maji mwilini wala hewani, yanamfanya ateleze na kubeba uchafu tu.

Hilo la kupulizia maji nilifuata, kwa sababu muuzaji alisema kwa uhakika sana. Asubuhi kioo cha tanki lake, yaani lile sanduku la kioo analoishi, kinatiririka maji, magazeti ya chini yameloa chapachapa, ukirudi kutoka kazini jioni hewa imekauka tena lakini magazeti bado mabichi. Yaani nyoka analalia maji huku anavuta hewa kavu. Baada ya muda nikamgeuza nikaona magamba ya tumboni yameanza wekundu pembeni, na huo ndo mwanzo wa kuoza kwa magamba, na kama tanki lingekuwa la baridi angepata na mafua ya kifua juu yake. Nikaacha siku hiyo hiyo, nikatandika makavu, tumbo likarudi sawa.

Nikampeleka kwa daktari wa wanyama anayeona nyoka, akachukua kama dola mia na zaidi hivi, lakini yule mama alinifaa. Alimkagua kama ana utitiri, maana wale wadudu weusi wadogo wanajificha pembeni ya macho na chini ya kidevu na wao pia wanaharibu kujivua, utawaona wamezama kwenye bakuli la maji. Hakuwa nao. Akaniambia jicho nisiliguse, nirekebishe unyevu, zamu ijayo ya kujivua kuna uwezekano mkubwa litoke lenyewe. Mkia ndo usisubiri, kwa sababu ile pete ya gamba kavu inakaza kila siku, damu haipiti, ncha inakuwa nyeusi na kukatika.

Mkia nilifanya hivi. Beseni lenye mfuniko uliotobolewa, taulo lililoloweshwa kwa maji ya vuguvugu, vuguvugu ya nyuzi 28 mpaka 30 za Selsiasi na si zaidi, nikamlaza humo kama nusu saa hivi nimekaa pembeni naangalia. Halafu nikashika taulo bichi mkononi nikamwacha apite katikati ya ngumi yangu iliyolegea, anajivuta mwenyewe, mimi sivuti. Kila akipita inabaki ngozi kwenye taulo. Ile pete ya mwisho mkiani nikaisugua kidole na kidole polepole kuelekea nchani ikalegea ikatoka, chini yake mkia mzima, rangi safi, nilishukuru Mungu kwa sauti.

Sasa hewa. Winta ya huku nje ni baridi ya kuganda, na hewa baridi haibebi maji mengi, ukiiingiza ndani ukaipasha moto na hita inabaki kavu kabisa, unyevu wa nyumba unashuka hadi asilimia 20 na chini. Bolpaitoni anataka 55 mpaka 65 hivi siku za kawaida, na akikaribia kujivua ipande hata 70. Cha ajabu ni kwamba kipimo changu cha unyevu, kile cha mshale kilichokuja na tanki, muda wote kilisema 55.

Ndo nikakipima chenyewe, na hii mbinu naipenda sana. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, jaza chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo iwe tope zito lakini isiyeyuke yote. Weka kwenye mfuko wa plastiki wa zipu pamoja na kipimo chako, funga kabisa, acha usiku kucha ndani ya nyumba. Chumvi iliyoloa namna hiyo inatuliza hewa ya mfukoni kwenye asilimia 75, ni fizikia, haibadiliki. Asubuhi changu kikawa kinasoma zaidi ya 90. Yaani kinazidisha, na pale kiliposema 55 Asali alikuwa anaishi kwenye thelathini na kitu! Nikakitupa nikanunua cha dijitali, dola kumi na kitu, nacho nikakipitisha kwenye chumvi kwanza kabla sijakiamini.

Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Mfuniko wa tanki ulikuwa wa wavu na taa ya joto juu yake, unyevu wote unapanda unaondoka, kwa hiyo nikafunika sehemu kubwa ya wavu kwa karatasi ya foili nikaacha nafasi ya kutosha kuzunguka taa. Bakuli la maji nikaweka kubwa zaidi upande wa joto. Magazeti nikatoa, nikaweka makumbi ya nazi. Sisi wa Tanga makumbi tumekua tunayawashia moto jikoni, huku yanauzwa yamesagwa na kushindiliwa tofali, unamwagia maji linafumuka linajaza ndoo. Usipulizie juu, mimina maji kwenye kona nne za tanki yashuke chini, chini kunakuwa kubichi na juu panabaki pakavu pa kulalia, unyevu unapanda taratibu mchana kutwa.

Na kwa siku za kujivua nikamtengenezea chumba chake, kopo la aiskrimu lenye tundu ubavuni, kingo nimezilainisha kwa msasa, ndani mosi ya sfagnamu, yaani vimea laini vinavyoshika maji kama sponji, iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka haidondoshi hata tone. Nikiona rangi imefifia, tumbo la pinki na macho ya bluubluu, naliweka. Yale macho kuwa hivyo ni majimaji yanayoingia kati ya gamba la zamani na jipya ili yaachane, siku chache baadaye yanarudi kung'aa, na hapo hajavua bado, subiri siku chache tena. Wengi wanakataa kula kipindi hicho na haoni vizuri kwa hiyo usimshikeshike, muache kwenye kopo lake.

Gamba lililofuata likatoka zima. Nililiweka mezani chini ya taa nikatafuta kichwa, maana lazima uhakikishe macho, na pale palikuwa na viduara viwili vya kung'aa, vyote viwili, na kwenye lile jicho lililobaki zamu ile kulikuwa na kiduara cha pili kimegandana na cha kwanza. Kama kwako hakijatoka hata baada ya kurekebisha hewa na kujivua tena, rudi kwa daktari, usijaribu mwenyewe.

Kiangazi cha Minnesota kina unyevu wa kutosha, kwa hiyo ikifika Julai naondoa nusu ya foili na kona nazimwagilia mara chache, naangalia tu kile kipimo kinasemaje.