Ng'ombe wa mahari na paundi elfu 29: viza ya mdogo wangu ilivyotusumbua

Kila wiki kuna mtu ananiuliza hapa dukani, na ndugu wengine wananipigia kabisa, wanataka kujua ilikuwaje mdogo wangu akakaa nyumbani mwaka na zaidi baada ya harusi wakati mume wake yuko Uingereza, na kuna waliosema maneno mabaya kwamba shemeji alishamchoka au ana mwingine huko. Naandika yote hapa ili nisirudie rudie, na pia najua Mbeya hii kuna mabinti wengine wameolewa na vijana walioko nje na hawajui kule hesabu inapigwaje, mpaka siku wanakataliwa.

Mi nina steshenari ndogo Mwanjelwa, nachapa, naskani, nawajazia watu fomu za chuo na za ajira, kwa hiyo ilivyofika zamu ya mdogo wangu kazi yote ya makaratasi ikaangukia kwangu. Yeye ana miaka 20, fundi cherehani. Shemeji kwao ni Kyela ila alienda na mama yake akiwa mtoto, sasa ni raia wa kule, anaishi Leicester, anafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Walijuana alipokuja kumzika bibi yake. (Wanaouliza habari ya umri, kule wote wawili lazima muwe mmefika miaka 18, zamani walipandisha ikawa 21 lakini mahakama yao ya juu kabisa ikalipinga hilo 2011. Miaka 20 haina shida kabisa.)

Sasa kilichotuponza ni tarehe. Miaka zaidi ya kumi sheria ilikuwa anayemleta mwenzi wake aonyeshe anaingiza angalau paundi 18,600 kwa mwaka kabla ya makato. Shemeji alikuwa anapita vizuri tu. Desemba 2023 serikali yao ikatangaza inapandisha, kwanza wakasema 38,700, watu wakachanganyikiwa, baadaye wakasema wataenda kwa hatua, hatua ya kwanza 29,000 kuanzia tarehe 11 Aprili 2024. Tukasema sawa, tuwahi. Machi tukampeleka mdogo wangu Dar akapima kifua kikuu maana bila cheti hicho hawapokei maombi, mtihani wa Kiingereza ngazi ya A1 ule wa kusikiliza na kuongea akafanya akafaulu, mi nikawa nimeshapanga faili zima, picha zao, chati zao za WhatsApp, tiketi za ndege za shemeji, kila kitu.

Kilichobaki ni ndoa. Na sisi ni Wamoraviani wa Rungwe, baba ni mzee wa kanisa, harusi ndani ya Kwaresma kwake haipo, hata ungemlilia. Pasaka mwaka ule iliangukia tarehe 31 Machi, kwa hiyo harusi ikafungwa Jumamosi tarehe 6 Aprili, Tukuyu, mvua inanyesha kama kawaida ya kule, watu wamejaa, ndizi na nyama mpaka zikabaki. Mi nilikuwa nacheza huku moyoni nahesabu siku. Jumapili ile Karume Day, Jumatano Idd, ofisi zimefungwa, cheti cha ndoa kikatoka tarehe 15. Siku nne! Yani siku nne tu ndo zilitutenganisha na ile sheria ya zamani. Simlaumu baba, kila mtu na imani yake na harusi ilibarikiwa, lakini iliniuma sana na bado inaniuma nikikumbuka.

Usiku ule nilikaa na kikokotoo. Kima cha chini cha mshahara kule kuanzia Aprili 2024 kilikuwa paundi 11.44 kwa saa, ndo aliyokuwa analipwa shemeji, masaa 40 kwa wiki, wiki 52. Nikapata 23,795. Nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea kubonyeza. Yani mtu anafanya kazi wiki nzima, mwaka mzima, bila kuumwa, na bado sheria inamwambia hutoshi kuishi na mke wako. Inabidi apige karibu masaa 49 kila wiki ndo afike. Hili naomba watu wa huku walielewe vizuri, maana tukisikia mtu yuko Uingereza tunadhani hela ipo tu. 29,000 ukigeuza kwa shilingi ni karibu milioni mia moja, ukimwambia mtu wa huku anaona ni utajiri, kumbe wapo wengi sana wanaofanya kazi kule hawaifikii.

Nilipomweleza baba alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Nina wale ng'ombe aliowaleta mkwe. Niwauze, na kiwanja cha kule Ushirika niuze, nimtumie aongezee." Nikamwambia baba, mahari inarudije kwa mkwe? Akanijibu, "Mahari nimepokea ya nini kama mtoto hajafika kwa mume wake?" Nilishindwa kuongea.

Na hapo ndo pagumu kuliko pote kumwelewesha mzee. Kwetu ndoa ni ya ukoo, mtu akikwama mnachangishana, baba mdogo anatoa, shangazi anatoa, mambo yanaenda. Kule hesabu ni ya mwenye kuleta mke peke yake. Baba akiandika barua kwamba atawasaidia, haihesabiki. Ndugu wa shemeji walioko hukohuko wakiahidi, haihesabiki. Cherehani ya mdogo wangu inayomwingizia hela kila siku hapa Mbeya, haihesabiki kwa sababu ni kipato cha nje. Akiba ya benki inakubalika, hata ikiwa ni zawadi kutoka kwa mzazi mradi sio mkopo, lakini iwe imekaa kwa jina la mmoja wao miezi 6, na paundi 16,000 za kwanza wanaziruka kama hazipo, kinachozidi hapo wanakigawa kwa mbili na nusu ndo wanajazia pengo. Pengo letu lilikuwa 5,205. Ukipiga inakuja akiba ya paundi 29,000 na kidogo. Asiye na mshahara kabisa anatakiwa akiba ya 88,500. Nilimwandikia baba kwenye karatasi kwa shilingi, akaangalia, akaikunja akaweka mfukoni. Kiwanja cha Ushirika na ng'ombe wote na parachichi za misimu mitatu zisingefika.

(Wapo wanaosamehewa hicho kiwango, mfano kama anayekuleta anapokea fedha za ulemavu au za kumtunza mgonjwa, hao wanaangaliwa kwa kipimo kingine. Ulizia kwanza kabla hujakata tamaa.)

Kwa hiyo njia ilibaki moja, shemeji aongeze kazi. Juni akapata ya usafi wa maofisi, Jumamosi na Jumapili, masaa matano matano. Hiyo inaongeza karibu 5,900 kwa mwaka, ukijumlisha unapita 29,000 kwa mia saba hivi. Lakini sio kwamba ukipata kazi leo unaomba kesho, kwa njia tuliyoifuata lazima kila kazi uwe nayo miezi 6, slipu za mshahara za miezi 6, na stetimenti za benki zinazoonyesha hela ileile ya kwenye slipu imeingia. Kila slipu itafute mwenzake kwenye benki.

Na hapo tukaanguka tena. Agosti yule mwajiri wa usafi alimlipa mkononi, sijui benki yao ilisumbua, shemeji akaipokea akalipia kodi ya nyumba, hakujua. Alivyonitumia makaratasi nikakaa nayalinganisha nikaona slipu ya Agosti ipo, benki hakuna. Nikampigia, "Shem, hii ya Agosti iko wapi?" Akaniambia, "Dada, nilipewa mkononi." Kimya. Wote tulielewa. Mshauri wa mambo ya viza ambaye shemeji alimlipa kule akamwambia usibahatishe, ukikataliwa ada hairudi, anza kuhesabu upya Septemba. Miezi ikafutika hivihivi. Cheti cha kifua kikuu nacho kinadumu miezi 6 tu, kikaisha, mdogo wangu akarudi tena Dar Februari, basi la usiku kwenda na kurudi. Bahati nzuri cheti cha Kiingereza chenyewe ni miaka miwili.

Kipindi kile ndo mdogo wangu alikonda. Kanisani wanamuuliza lini unaondoka, sokoni wanamuuliza, kuna mama mmoja alimwambia mbele za watu kwamba wa nje wanaoa huku kwa kujifurahisha. Alirudi dukani kwangu akakaa nyuma ya mashine ya fotokopi akalia. Na shemeji kule siku saba kwa wiki hapumziki, anatuma sauti saa sita usiku huko amechoka mpaka maneno yanakatika, anasema mwambie mke wangu bado nahesabu. Ndo maana mtu akisema alikuwa hataki kumchukua mi nakosa uvumilivu.

Machi 2025 tukaomba. Ada ya viza 1,846, ada ya afya 3,105 ambayo unalipa yote mwanzoni, jumla 4,951, karibu milioni 17. Na hapa sasa mchango unaruhusiwa, ada haijali imetoka mfukoni kwa nani. Baba aliuza ng'ombe mmoja kati ya wale na parachichi za msimu, akaja mwenyewe Mwanjelwa na milioni tatu kwenye mfuko wa rambo ndani ya koti, akanikabidhi mbele ya mdogo wangu akasema, "Hii hawawezi kuikataa." Hawakuikataa.

Jibu lilikuja Juni. Tulimsindikiza Songwe uwanja wa ndege, baba akamwombea palepale nje, kwa Kinyakyusa, mpaka walinzi wakavua kofia.

Kama una kijana anakuja kuchumbia na yuko kule, kabla ya kupanga tarehe ya harusi muulize slipu zake za miezi 6 ziko wapi na hela inaingia benki gani, sio utovu wa adabu, mzee wako akishindwa muulize wewe dada mtu. Na muulize sheria ya wakati huo inasemaje maana wanabadilisha.

Viza aliyopewa ni ya miezi 33, kabla haijaisha wataomba tena miezi 30, na safari hiyo mshahara wake naye utahesabiwa kwa sababu yuko ndani. Ameshapata kazi, kiwanda cha nguo, cherehani imemfuata. Kila mwisho wa mwezi ananitumia picha ya slipu na ya benki, nazichapa, natoboa, naweka kwenye faili la bluu lililoko juu ya rafu nyuma yangu. Mpaka sasa ziko nne.