Jina Kwenye Mfuko wa Udongo

Agosti 2015 nilikuwa mwaka wangu wa pili kama mwenyekiti wa chama chetu cha wanawake wa sayansi ya udongo. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Udongo, na mimi sikutaka upite kwa hotuba na picha za pamoja tu. Wengi wetu tulikuwa Kampala na pembezoni mwake: wengine maabara za utafiti wa kilimo za Kawanda, wengine wanafundisha Makerere, wengine wanauza mbolea. Waliobaki ni maafisa ugani wa wilayani, ambao mikutano yetu ya Jumamosi iliwapita kwa kukosa nauli. Mmoja wao alinipigia simu usiku akaniambia, "Dada, nyinyi mnakutana kuongelea udongo, na udongo wenyewe uko huku kwetu." Sikupata usingizi.

Nikachagua Busia. Nilizaliwa pale mpakani mwa Uganda na Kenya, katika nyumba yenye Kisamia jikoni na Kiswahili dukani, mji ule ule ambao vijana wa baiskeli walivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka, "border to border", hadi jina boda boda likazaliwa. Niliyajua mahindi ya kule yanavyokuwa ya manjano yakifika magotini, na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kinavyochanua maua yake ya zambarau katikati ya njaa ya watu. Mpango wetu ulikuwa kuchukua sampuli katika mashamba 12 ya akina mama wa kikundi kimoja cha akiba, kuzipeleka maabara, kisha kurudi na ushauri kabla ya mvua za pili. Kila mwanachama alichanga. Mweka hazina wetu alifuatilia michango hiyo usiku baada ya usiku, kwa upole ambao mimi sina, na watu walitoa hata walipokuwa hawajalipwa mishahara. Wanaodhani kuongoza chama ni kukaa meza ya mbele hawajawahi kuona daftari la mwanamke yule.

Kosa lilikuwa langu. Nilizungumza na mama kiongozi wa kikundi mara nyingi, lakini kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, sikupiga hata simu moja. Niliona idhini ya wanaolima inatosha.

Tulishuka kwenye taksi wanawake tisa, na keekee za kutobolea udongo, ndoo, na mifuko yenye namba. Sasa Busia ina dhahabu. Upande wa Tiira watu huchimba, husaga mawe, huosha mchanga kwenye mabeseni na kuikamata dhahabu kwa zebaki, akina mama wakiishika zebaki hiyo kwa mikono mitupu. Ukija na keekee mahali kama hapo, ukaondoka na ardhi ya watu ndani ya mifuko, nani ataamini kwamba unatafuta uchachu wa udongo? Hatukumaliza nusu saa katika shamba la kwanza. Watoto walijaa, kisha vijana, kisha akaja mzee mwenye fimbo, anatembea haraka kuliko umri wake.

"Nani amewaruhusu kutoboa shamba langu?"

Mkewe alikuwa amesimama nasi, jembe begani. Akainamisha macho.

Nilimwamkia mzee, nikamwomba radhi kwa kupita mlango wa uani, nikamtuma katibu wetu kwa boda kumfuata mwenyekiti wa LC1. Nikawaambia wenzangu waache kila kitu kilipo. Ndoo ilikuwa imeshajaa udongo wa sehemu 15 za shamba, sentimita 20 kwenda chini, tulizozipitia kwa kukata pembe huku na huku. Nilichota kidogo, nikaulowesha kwa maji ya kunywa, nikaufinyanga uwe kamba. Ukakatika mara moja. Nikaweka mwingine kiganjani mwa mzee, naye akausugua kwa kidole gumba bila mimi kumwambia lolote.

"Mchanga," akasema. Kisha, baada ya muda, "Zamani haukuwa hivi. Hapa nilivuna pamba nikiwa kijana, na ulezi ukasimama kunizidi kimo."

Basi tukaendelea huku anatazama. Udongo ukamwagwa juu ya turubai, ukachanganywa, ukatandazwa kama chapati, ukakatwa msalaba. Katika kazi yetu robo mbili zinazokabiliana hutupwa, mbili hubaki, unachanganya tena na kukata tena hadi ibaki kama nusu kilo. Robo za kwanza zilipokuwa zinaondolewa, mzee akazuia kwa fimbo.

"Hizo nipeni mimi. Mkiona kitu ndani ya zenu, na mimi nina zangu."

Nilifurahi kumpa. Nikamfungia mfuko kama wetu, namba ile ile. Tangu siku hiyo sijaona njia bora ya kumwonyesha mtu kwamba humwibii.

Nikadhani tumevuka. Lakini binti yetu mdogo kuliko wote, aliyetoka chuoni mwaka ule, alikuwa na fomu mkononi, na fomu ilikuwa na mstari mmoja: jina la mwenye shamba. Alikuwa ameshaliandika la mama, kutoka orodha ya kikundi. Mzee akataja lake. Ardhi ile ni ya ukoo wake, ya kimila, na mke alikuja pale kwa kuolewa. Kukawa kimya. Jua lilikuwa linapanda na mashamba 11 yalikuwa yanatungoja, ilikuwa rahisi kusema "andika la mzee, twende." Fomu ile tuliitengeneza wenyewe Kampala, wanawake watupu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona swali hilo.

Nikamuuliza mzee, "Nani analima hapa?"

"Huyu."

"Mbegu anachagua nani?"

"Huyu."

"Na kiduha kilianzia wapi?"

Hapo mama akajibu mwenyewe. Akatupeleka hadi kwenye kichuguu, akaonyesha kwa jembe jinsi kilivyoshuka na maji ya mvua msimu hadi msimu, na wapi alikuwa anaking'oa kabla hakijatoa maua. Mbegu za kiduha ni ndogo kama vumbi na huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi wa mahindi. Yeye alikuwa ameishi nazo hivyo bila kitabu. Mumewe alimsikiliza kama mtu anayesikia habari za mbali.

Nikachukua kalamu, nikachora mstari wa pili: mwenye ardhi, mlimaji. Majina mawili, kwenye fomu na kwenye mfuko. Mzee akausoma mfuko, akasema sawa.

Mwenyekiti wa LC1 alikuja, akanikemea kwa haki yake, akatusindikiza hadi jioni.

Maabara tuliyoilipa iliahidi majibu kwa wiki sita. Yalitoka Januari. Mvua za pili zilipita, akina mama wakapanda kama walivyozoea, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Tulirudi Februari 2016. pH, kipimo cha uchachu, ya shamba lile ilikuwa chini ya 5.5, mahali ambapo alumini huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, na fosforasi hufungwa mmea usiipate. Tukashauri samadi, chokaa ya kilimo kwa atakayeweza, na desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi kukizuia kiduha. Mzee alikuwa msibani. Mfuko wake ulikuwa unaning'inia kwenye paa la jiko, bado umefungwa.

Mama alisikiliza karatasi ikisomwa hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na mifuko mitatu ya unga wa mahindi, ndani yake udongo. Alikuwa amechimba mwenyewe kwa jembe, sehemu 15 kila kipande, akachanganya, akakata msalaba, akaanika kivulini kama alivyotuona. Kwenye kila mfuko palikuwa na jina lake kwa mkaa.

"Na hizi," akasema, "za kule bondeni."

Nilizipakia mbele, miguuni pangu, nikazishikilia hadi Kampala.