Sisi nguo, wao Ward

Oktoba hapa Salem, Marekani, hapakaliki. Watu wanashuka kwenye treni ya Boston na kofia ndefu nyeusi kichwani, wote wanatafuta wachawi, na mimi niliyetoka zamu ya usiku natafuta tu pa kupenya nikalale. Mji umejiuza kwa kesi za uchawi za 1692. Lakini Mzanzibari akija huku ana jengine la kutafuta: merikani. Ile nguo nzito isiyopaushwa, bibi alikuwa akishonea foronya, jina lake limetokana na watu wa huku. Merikebu za Salem zilianza kutia nanga Unguja miaka ya 1820, zinashusha nguo, zinapakia pembe, sandarusi na ngozi. Hata balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kwa Sayyid Said, Richard Waters aliyekuja 1837, alikuwa mtu wa hapa hapa.

Hayo nilikuwa namsimulia dada mmoja wa Kichina ninayefanya naye kazi, saa tisa za usiku, kila mtu na kikombe chake cha chai. (Yake haina sukari wala maziwa, anaimeza vipi, mimi sijui.) Kwao ni Songjiang, pembezoni mwa Shanghai. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Nyinyi waliwaletea nguo. Sisi walituletea Ward."

Ward gani tena?

Frederick Townsend Ward, kazaliwa Salem 1831, katoka kwao kijana mdogo kwenda baharini. Mwaka 1860 yuko Shanghai, na China inaungua. Hong Xiuquan, mtu aliyefeli mitihani ya serikali mara kadhaa kisha akaamini yeye ni mdogo wake Yesu, alikuwa ameanzisha uasi wa Taiping dhidi ya Qing, ukoo wa kifalme uliotawala China. Tangu 1853 Nanjing ilikuwa mji mkuu wake. Vita hivyo vilikuja kuua watu milioni 20 kwa makadirio ya kawaida, wengi kwa njaa na maradhi. Waasi walipoikaribia Shanghai, matajiri wa mji, wakiongozwa na mwenye benki Yang Fang, walitoa fedha, na Ward akakodiwa.

Kikosi chake cha mwanzo kilikuwa vioja: mabaharia waliotoroka melini, na shambulio la kwanza Songjiang lililovurugika kwa ulevi. Akachukua Wafilipino, na Julai mji ukaingia mkononi. Mwezi uliofuata, kwenye mji wa Qingpu, akapigwa risasi ya uso. Dada ananionyesha kwenye simu picha yake ya zamani, nywele ndefu, na kunieleza kwamba mtu huyu vitani alibeba kifimbo tu. Baadaye akawafunza Wachina wenyewe, mavazi na bunduki za Kizungu, mpaka wenzao wakawaita mashetani wa kigeni wa bandia. Mwaka 1862 serikali ikawapa jina: Jeshi la Ushindi Daima. "Daima!" dada akacheka. Ward akamwoa binti wa Yang Fang, na Septemba mwaka huo huo akapigwa risasi huko Cixi, karibu na Ningbo, akafa kesho yake. Alikuwa na miaka 30.

Lililonikosesha usingizi siye Ward lakini. Ni Agosti 1860. Mwezi ule ule mmoja, Waingereza na Wafaransa wako kaskazini wanazivunja ngome za Dagu ili wamfikie mfalme wa Qing, na huku Shanghai askari wao wako juu ya kuta wanawapiga Taiping, maadui wa mfalme huyo huyo. Oktoba wakachoma kasri lake la kiangazi Beijing. Wakishapata mikataba yao ya biashara na fidia, basi tena, mfalme akawa rafiki wa kulindwa. Kwangu mimi hapo hapana siri: mdeni akianguka, deni utamdai nani?

Baada ya Ward akaja Mmarekani mwengine, Burgevine, aliyempiga Yang Fang na kumchukulia fedha, akafukuzwa, akahamia kwa waasi. Kisha Machi 1863 Mwingereza Charles Gordon. Suzhou ilipojisalimisha Desemba, viongozi wa waasi waliahidiwa uhai; Li Hongzhang, gavana wa Qing, akawakata vichwa. Gordon akawaka, akakataa tael 10,000 (fedha ya Kichina) za zawadi ya mfalme. Na pamoja na sifa zote alizopata kwao, walioiteka Nanjing Julai 1864 walikuwa Wachina wa Hunan, jeshi la Zeng Guofan. Kikosi cha Gordon kilikuwa kimeshavunjwa tangu Mei.

Huyu Gordon na sisi tunamjua. Mwaka 1875, akiwa gavana wa Misri kwenye jimbo la Ikweta, Sudan Kusini ya leo, ndiye aliyemshauri Khedive, mtawala wa Misri, atafute njia ya kutokea pwani yetu, na askari wa Kimisri wakashuka Barawa na Kismayu, mali ya Sayyid Barghash. Uingereza ikawarudisha. Nilipomwambia dada, alinitazama kama aliyenikuta na picha ya mjomba wake.

Anasema Songjiang kaburi la Ward halipo tena. Maktaba ya jumba la makumbusho la hapa Salem ina mkusanyo wa vitabu kuhusu China wenye jina lake. Jumapili tunakwenda makumbusho. Yeye anataka vyombo vya Kichina, mimi vitu vya Unguja. Kakubali tuanze na vyangu, kwa sharti siku hiyo chai yangu nisiitie sukari.