Kucha za miguu kuwa nyeusi kila nikishuka mlima: nilivyotatua

Nina miaka 64, naishi Upanga. Kila nikishuka mlima, vidole gumba vilikuwa vinagonga mbele ya kiatu mpaka kucha zinakuwa nyeusi kama lami. Nilivaa soksi mbili, nikakata kucha, nikaongeza namba ya kiatu. Wapi! Kiatu kikubwa ndiyo kilizidisha balaa.

Dawa nilipewa na fundi viatu Kariakoo: "Mzee wangu, shida si vidole, ni kisigino." Kaa chini, legeza kamba yote, gonga kisigino chini mara mbili tatu mpaka kikae nyuma kabisa. Kaza kamba pale mguu unapokunjika, piga fundo hapohapo, ndipo umalizie juu. Huku mbele acha vidole vicheze.

Nikaenda nayo Ol Doinyo Lengai, volkano hai yenye mita zaidi ya 2,900. Tulianza kupanda saa sita usiku. Mteremko ni majivu na changarawe tupu, mguu hautulii. Kileleni nilikaa nikafunga upya, wenzangu wakinicheka. Fundo la kupandia halifai kushukia. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea miaka yote.

Nimerudi Dar na kucha zangu zote kumi. Magoti ni habari nyingine.