Kitako cha Martini

Jana kwa mzee wa vyuma chakavu, jirani na stesheni ya Tabora, nimepata kitako cha bunduki, hakina mtutu wala wenzo, ule mkono wa chini wa kuifungulia. Nilipolipangusa bamba lake la chuma kwa mafuta ya taa, ukajitokeza mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Moyo ulinienda mbio! Ni cha Martini-Henry, bunduki ya jeshi la Uingereza ya karne ya 19; kitako chake ni kipande mbali na ubao wa mbele, ndiyo maana huweza kubaki peke yake. Karabini yake, yaani bunduki fupi ya askari wa farasi, ilianza 1877. Ukishusha wenzo, ganda la risasi huruka nje.

Bunduki nzima siweki, inataka kibali, nami naona ni haki. Hiki nimekilaza kando ya mkanda wa babu, aliyekuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza Afrika Mashariki. Pale shavu lilipoegemea, mbao imelainika. Leo asubuhi nimepitisha kidole hapo tena.