Kumbukumbu ya mradi wa riwaya: sura ya 11 na kilo 350 zisizoonekana

Hatimaye sura ya 11 imesimama. Nimeiandika mara tisa tangu mwezi wa Mei, na Jumamosi iliyopita, saa sita na robo usiku, nilifunga kaunta buku nikijua kwamba hii ya tisa ndiyo ya mwisho.

Sitarudia kisa chote. Waliosoma kumbukumbu zilizotangulia wanajua kwamba lori linaondoka Dar es Salaam na kontena lililofungwa lakiri, kwamba lakiri inafika Tunduma ikiwa nzima, na kwamba pembe za ndovu zilipakiwa usiku mahali fulani njiani. Kilichonishinda ni ushahidi. Mimi ni karani katika kampuni ya usafirishaji, kazi yangu ni kupanga stakabadhi za mizani katika majalada, na kwa kuwa mshahara wa mwezi huu kwa kawaida hufika mwezi ujao, niliona ni haki stakabadhi hizo zinilipe kwa njia nyingine. Katika riwaya, stakabadhi ya Vigwaza, kituo cha mizani mkoani Pwani, inasema kilo 53,400, na stakabadhi ya Mpemba, mizani iliyo karibu kabisa na mpaka wa Tunduma, inasema kilo 53,400. Uzito huo uko chini ya tani 56 zinazoruhusiwa, kwa hiyo hakuna ofisa wa mizani aliyekuwa na sababu ya kulizuia lori. Msomaji anaona kwamba hakuna kilichobadilika, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu lori lililokwenda zaidi ya kilomita 800 haliwezi kufika likiwa na uzito uleule. Limechoma dizeli. Kwa mzigo wa namna hiyo hunywa takriban lita moja kila kilomita mbili, yaani zaidi ya lita 400, na lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi. Lilipaswa kufika likiwa limepungua kilo 350. Kama halikupungua, basi kuna kilo 350 zilizopanda njiani.

Kichwani mwangu jambo hili lilikuwa tamu. Kwenye karatasi likawa uji uliolala. Katika toleo la kwanza mpelelezi alieleza hesabu hiyo kwa kurasa nne mbele ya mkuu wa kituo. Shemeji yangu, ambaye ndiye msomaji wangu wa kwanza na hana huruma, alinirudishia daftari akaniuliza, “Shemeji, huyu ni mpelelezi au mwalimu wa hesabu?” Katika toleo la pili na la tatu nilimfanya mpelelezi anyamaze na kutabasamu tu hadi mwisho, na hilo likawa baya zaidi, maana msomaji aliyenyimwa taarifa hushtukia kwamba amedhulumiwa. Toleo la nne niliweka stakabadhi zote mbili wazi, pamoja na fomu ya mafuta, na kila aliyesoma akamtaja dereva kabla ya ukurasa kuisha. Toleo la tano hadi la nane sitaki hata kuyakumbuka. Nilikuwa nahangaika kuziba matundu ambayo hakuna aliyeyauliza isipokuwa mimi. Je, kama matope yaliganda chini ya chesisi? Nikaihamisha safari yote kutoka Aprili hadi Septemba, kiangazi. Je, kama dereva alijaza mafuta Iringa? Hapo nilikaa wiki tatu.

Ufumbuzi niliupata kazini, bila kuutafuta. Mhasibu alimwita dereva mmoja na kumwuliza kwa sauti iliyosikika hadi stoo, “Nimekupa mafuta ya kwenda na kurudi, hela ya kujaza njiani hukupewa, sasa lita hizi zimekwenda wapi?” Wote tulijua zimekwenda wapi. Kwa hiyo katika toleo la tisa hakuna anayeeleza hesabu yoyote. Utingo anagombana na dereva pale Mafinga, kwa sababu dereva ameuza madumu matano ya dizeli na kumpa elfu kumi tu, na katika kulalamika kwake anataja tangi lilijazwa lini, limebaki na kiasi gani, na kwamba hawana hata senti ya kuongeza. Msomaji anadhani huu ni ugomvi wa wezi wadogo. Kurasa kumi baadaye anaiona stakabadhi ya Mpemba, na hesabu anaifanya mwenyewe.

Gharama yake ni kwamba dizeli iliyouzwa nayo imepunguza uzito wa lori: madumu matano ni lita 100, lita 100 ni kilo 84, na kilo 350 zangu zimekuwa 434. Nimelazimika kurudi sura ya 4 na kuongeza pembe.

Katika miezi ile ya kushindwa nilijifariji kwa habari za Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliyekuwa mkaguzi katika idara ya afya Zanzibar kwa miaka kumi kabla ya kuingia katika magazeti, na ambaye kisa chake cha mpelelezi Bwana Msa kilishinda shindano la uandishi la 1957-58 kikachapishwa mwaka 1960. Nadhani kazi ya ukaguzi ilimfaa kuliko shule yoyote ya uandishi. Lee Child, mwandishi Mwingereza wa riwaya za kusisimua, naye alipunguzwa kazi katika televisheni huko Manchester mwaka 1995 akiwa na miaka 40, na riwaya yake ya kwanza ikatoka 1997. Mimi nina miaka 38.

Kuhusu vifaa, nimerudi kwenye penseli na sioni aibu. Simulizi yangu ya kwanza, ile niliyoiuza sehemu kwa sehemu kwa shilingi 500 na ikanilipia kodi ya miezi mitatu, niliiandika yote kwenye simu, na simu ile kila mara iligeuza “lori” kuwa jina la mwanamke wa Kizungu. Dada wa steshenari anayenichapia ana kasi ya ajabu, ila husahihisha hadithi bila kuombwa. Mtu niliyemwua sura ya 6 nilimkuta anakunywa chai sura ya 8.

Mpango wa wiki hii ulikuwa sura ya 12, ambapo mpelelezi anasafiri kwenda Mbeya. Nimeukata. Tangu ugomvi wa Mafinga, kila ninapoketi kuandika anayezungumza ni utingo, na mpelelezi wangu wa Dar es Salaam, niliyembeba tangu ukurasa wa kwanza, sasa anaonekana kama abiria asiyelipa nauli. Nataka utingo ndiye agundue. Kikwazo ni kwamba katika sura ya 3 nilisema hajui kusoma, na sehemu hiyo naipenda mno kuifuta. Lakini namba anazijua, maana anauza dizeli.